Mafuta Kwenye Damu ya Noela

"Usinitolee macho, Klementina. Nimekwambia funika karai lako uhame na moto wako, kwa sababu hayo mafuta unayokaangia hapa ndiyo yaliyojaa kwenye damu ya mwanangu."

Klementina hakuhama wala hakufunika. Aligeuza vipande vya kitimoto kwa mchokoo wake wa chuma, kimoja kimoja, kwa ule utulivu wa makusudi ambao mtu huutumia kumkera mwenzake. Walevi wawili waliokaa kwenye benchi walisogeza sahani yao, wakajiweka sawa. Ugomvi wa wanawake wawili wa Lizaboni, mchana wa Jumamosi, hali ya hewa nzuri, ulikuwa kachumbari ya bure.

"Mama Noela," alisema Klementina, "mimi nauza nyama. Damu siuzi."

Kunegunda, huyo mama Noela, alisogelea karai kwa hasira. Alikuwa ametoka hospitali ya misheni asubuhi ileile, yeye na binti yake, nyuma ya pikapu iliyobeba magunia ya mahindi, na vumbi la barabarani lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Hakuwa ameingia hata ndani kwake kunywa maji. Alimwacha Noela akawashe moto, yeye akaja moja kwa moja kwenye karai.

Na hasira ile ilikuwa na sababu yake. Noela alikuwa mchumba wa mtu. Gaudensi, fundi seremala wa Ruhuwiko, kijana mwenye mikono na adabu, alikuwa ameshatoa posa, na padri alikuwa ameshatangaza ndoa mara ya kwanza Jumapili iliyopita. Tangazo la pili lilikuwa kesho. Lakini katikati ya wiki shangazi yake Gaudensi, Esteria, alipita kuwasalimia wakwe. Akamtazama Noela usoni, akamtazama shingoni, akamtazama pale nguo inapoanzia kifuani. Alipewa maji ya kunywa, akayaweka chini bila kuyagusa. Akasema pole. Akaondoka. Tangu siku hiyo Ruhuwiko kimya, na kimya cha wakwe si kimya cha kulala usingizi.

Maana zilikuwa chunusi, lakini si zile za kawaida ambazo msichana huzitumbua mbele ya kioo huku anaimba. Hizi zilitoka zote kwa pamoja, za kimo kimoja, nyekundu, kama mtu amezipanda kwa kamba, kuanzia paji la uso mpaka mgongoni. Na miaka ile kila mtu wa Songea alikuwa amezika mtu. Ukikonda, watu wanajua. Ukitoka vipele, watu wanajua zaidi. Ugonjwa wenyewe hawautaji, wanainua tu nyusi na kuulizana hali ya hewa.

Ndiyo maana Kunegunda alimpeleka binti yake kutolewa damu. Na leo daktari alikuwa amewaeleza kuwa damu ya Noela ina mafuta mengi kuliko inavyotakiwa kwa msichana wa umri ule, mafuta ambayo wenyewe wanayaita kolestro. Kunegunda akauliza kama ndiyo hayo yanayotokeza usoni. Daktari akakuna kidevu. Akasema wako waliowapima watu wenye chunusi wakakuta mafuta yamepanda kwenye damu zao kuliko za wenzao, lakini yeye asingethubutu kusema mafuta yanavuja kupitia ngozi kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Mara nyingine, akasema, mambo mawili hutokea pamoja kwa sababu yana mama mmoja. Akamgeukia Noela, akamuuliza kama kuna kitu chochote anachomeza. Noela akatazama sakafu, akasema hakuna. Daktari akasema basi warudi Jumatatu, na kama nyumbani kuna dawa yoyote, hata ya kienyeji, waje nayo.

Kunegunda hayo ya mwisho hakuyasikia. Yeye alikuwa amelisikia neno mafuta, akaliona karai.

"Kila jioni yuko hapa," alisema sasa, akimwelekezea Klementina kidole. "Kila jioni. Umemzoesha. Umemlisha mafuta ya nguruwe mpaka yamegota shingoni."

"Anakuja kwa miguu yake na njaa yake. Ningemfukuza?" Klementina aliinua uso. "Halafu mimi mwenyewe nakula hii nyama tangu nimeota meno. Uso wangu huu hapa, njoo upapase."

Mmoja wa wale walevi akajitolea na wake upapaswe. Akaambiwa na wanawake wote wawili, kwa pamoja, anyamaze.

Wangeweza kuishia hapo. Hawa walikuwa majirani tangu enzi za foleni, walipokuwa wakiamka pamoja kupanga mawe mbele ya duka la ushirika ili wapate sabuni na sukari, mmoja akimlindia mwenzake jiwe lake. Siku hizi maduka yamejaa mpaka bidhaa zinalala nje, na wao wamebaki na kazi ya kuchungana. Lakini hata kuchungana kuna mipaka, na Kunegunda aliuruka mpaka huo mbele za watu.

"Huwezi kuelewa," alisema. "Nyumba yako haijawahi kulia mtoto. Uchungu wa mwana utaujulia wapi?"

Hata mafuta kwenye karai ni kama yalipunguza sauti. Walevi waliangalia sahani yao. Klementina aliweka mchokoo chini, akafuta mikono kwenye khanga, kidole baada ya kidole.

"Haya," alisema, na sasa hakupaza sauti hata kidogo. "Kwa kuwa umefika huko, na mimi nifike. Nenda kamuulize mwanao anameza nini. Muulize vile vidonge vya mashavu ananunua kwa nani. Na akishakujibu, muulize nani aliyeiambia dunia nzima kwamba anakonda."

Kunegunda alishusha kidole. Aligeuka. Kutoka kwenye karai mpaka mlangoni kwake ni kuvuka tu uchochoro na ua wa mabua, lakini siku hiyo uchochoro ulikuwa na macho pande zote, na kila jicho lilikuwa linajifanya linaanika nguo.

Noela alikuwa jikoni, amechutama mbele ya mafiga, anakoroga majani ya maboga kwenye karanga. Sufuria ya dagaa wa Nyasa ilikuwa imeshateremshwa. Alipoona kivuli cha mama yake mlangoni alijua, kwa sababu ua wa mabua hauzuii maneno.

Kunegunda alimtaka alete anachomeza. Hakuuliza kama kipo. Noela akajaribu kusema hakuna, akasikia mwenyewe jinsi neno lile lilivyochakaa, akaingia ndani, akarudi na kikaratasi kilichosokotwa. Ndani yake vilikuwemo vidonge vidogo vyeupe, vidogo kama punje za mtama, vitu ambavyo usingedhani vinaweza kumgeuza mtu sura.

Vilikuwa vya dukani kwa Pankrasi. Kunegunda alilijua lile duka, nani asiyelijua. Tangu biashara iachwe huru, Pankrasi alikuwa anauza betri, sidiria za mitumba, biskuti za nje, na dawa za hospitali kwa kuhesabu, moja moja, kama pipi. Ukimwambia unaumwa, hakuulizi wapi. Wasichana wa Lizaboni na Bombambili walikuwa wakimwendea kununua vidonge vya mashavu, maana ukivimeza unapata njaa ya mtu aliyetoka kulima, na baada ya muda mfupi uso unajaa, unakuwa wa mviringo, na hakuna anayekuinulia nyusi tena. Uso ukijaa wanakuita mzima. Basi hilo tu ndilo walilokuwa wakilinunua, neno mzima.

Kumbe njaa ile ndiyo iliyokuwa ikimpeleka Noela kwenye kitimoto kila jioni. Na mashavu yaliyomfurahisha mama yake mwezi uliopita, akayasifu mbele ya wageni, hayakuwa mashavu ya raha.

"Nani alikutuma?" Kunegunda aliuliza. "Wewe ulikuwa mzima. Ulikuwa unashona usiku na mchana nguo za wasimamizi wako, umekonda kwa kazi, kila mtu anajua."

"Kila mtu hajui hivyo, mama." Noela hakuinua macho. "Wanajua ulivyowaambia wewe kwenye jumuiya."

Na hapo Kunegunda akakumbuka. Ilikuwa nyumbani kwa mama Pamela, siku ya sala ya jumuiya, nyumba imejaa mpaka watu wamekaa barazani. Ilipofika zamu ya maombi, kila mtu alitaja lake, kifupi. Lakini Kunegunda hakuwahi kumwomba Mungu kifupi. Alipenda sala yake ifike mpaka kwa waliokaa nje. Akasema, namwombea binti yangu Noela, anayejiandaa kwa ndoa takatifu, anakonda, hali chakula, anakwisha mwili, mimi mama yake hata sijui ana nini. Aliyasema kwa machozi kidogo, maana alitaka wanawake wenzake wajue kwamba kwake kuna harusi na kwamba mama wa bibi harusi halali usingizi. Wakamwitikia vizuri, wote kwa pamoja, na kwa midomo ileile wakaipeleka habari hiyo bombani.

Noela alieleza yaliyofuata bila kulia. Alisema kesho yake bombani mama mmoja alimsogezea ndoo yake kando, isigusane na ya Noela. Alisema fundi aliyemfundisha kushona alimpa mkasi wake peke yake. Wiki iliyofuata Gaudensi mwenyewe akamuuliza, kwa upole, kama ana homa za mara kwa mara. Siku hiyo ndiyo akaenda kwa Pankrasi.

Kunegunda aliinua mkono. Hakujua anataka kumpiga nani. Binti alikuwa ndiye aliye karibu, lakini mkono ulipita juu ya kichwa chake ukatua kwenye nguzo ya jiko, masizi yakadondoka kwenye mboga. Akanyakua kile kikaratasi akikipeleka kwenye moto.

"Usivitupe," ilisema sauti nyuma ya ua.

Alikuwa Klementina. Hakujisumbua hata kujifanya kwamba amepita tu.

"Hujaacha kutusikiliza?" Kunegunda alisema.

"Nisikilize nini, mnapiga kelele. Usivitupe, nakwambia. Mimi nilivimeza mwaka ule waliposema nimekonda kwa sababu marehemu mume wangu alifia Dar. Uso ukajaa, chunusi hizihizi, mpaka mgongoni. Nikapandwa na hasira nikaviacha ghafla. Nilianguka njiani nimebeba ndoo, wakanipeleka hospitali nimelegea kama nguo iliyolowa. Vinapunguzwa polepole, na anayepunguza ni daktari. Mpelekee kikaratasi chake Jumatatu, na huyu amwambie ukweli safari hii."

Kunegunda alikifunga kikaratasi kwenye pindo la khanga yake. Hakusema asante, maana hasira ilikuwa imejaa mdomoni na hakukuwa na nafasi ya neno lingine. Alimkasirikia Pankrasi na pipi zake. Alimkasirikia yule wa ndoo. Aliwakasirikia wote walioitikia sala. Na chini kabisa, kule ambako mtu hachungulii kwa hiari, alikuwa na hasira na ulimi wake mwenyewe, ule uliotoka tu kumchoma Klementina mahali ambapo hapana dawa.

Ndipo ikasikika kengele ya baiskeli.

Alikuwa Polikarp, mshenga wa kina Gaudensi, amevaa koti la mitumba lililokuwa limeshonewa Mzungu wa mabega mapana, na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Aliegemeza baiskeli ukutani lakini mkono wake mmoja ulibaki kwenye usukani. Salamu zake zilikuwa ndefu mno. Aliuliza habari za Romanus, mume wa Kunegunda, akaambiwa yuko shamba. Aliuliza habari za mahindi, za mbolea, za barabara ya Njombe. Akaletewa kigoda, akasema atasimama, miguu imechoka kukaa. Kwenye uchochoro watu waliokuwa wakianika nguo walianza kuanika zilizokwisha kauka.

"Sema ulichotumwa, Polikarp," alisema Kunegunda.

Alisema kwa kuzunguka, lakini alifika. Wazee wa Ruhuwiko wanaleta salamu na heshima. Wanaomba tangazo la kesho lisimame kwanza. Si kwamba wamekataa, hapana, nani kasema wamekataa. Ila wanaona ni busara binti apimwe, ijulikane, ndipo mambo yaendelee. Shangazi Esteria ndiye hasa aliyekuwa na wasiwasi, na padri ataambiwa jioni hii.

Kunegunda alielewa vizuri maana yake. Ndoa iliyotangazwa mara moja ikasimama haihitaji tena kuvunjwa na mtu. Kesho kanisa zima litasubiri jina la Noela, halitatajwa, na hakutakuwa na kijana mwingine wa Ruhuwiko wala wa Bombambili atakayekuja kuuliza kwa nini.

"Amepimwa," alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa sasa, na hakuipunguza. "Sogeeni hapa nyie mnaoanika, msije mkasikia nusu. Damu ya mwanangu imepimwa, imekutwa na mafuta. Ndiyo, mafuta. Alimeza vidonge vya mashavu vya Pankrasi, hivi hapa, vikampa njaa, vikampa chunusi, vikamjaza mafuta kwenye damu. Na alivimeza kwa sababu mnasema anakonda. Na mlisema anakonda kwa sababu mimi, mama yake, nilisimama kwenye jumuiya nikasema hivyo kwa mdomo wangu huu. Mkaitikia wote, ee Bwana utusikie. Bwana sijui kama alisikia. Ruhuwiko wamesikia."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alianza kukunja khanga ambayo haikuwa yake.

"Na kama wazee wako wana kipimo kingine wanachokisema chinichini," Kunegunda aliendelea, "mimi sikatai. Jumatatu tunarudi hospitali. Waambie wamlete na Gaudensi. Wakae benchi moja, watolewe damu siku moja, tusikie majibu pamoja. Au damu ya Ruhuwiko haipimwi?"

Polikarp alisema hilo ni neno, hilo atalifikisha, hilo ni neno la busara kabisa. Akaanza kugeuza baiskeli. Kunegunda akashika tandiko.

"Hujala," alisema.

Akasema ametoka kula. Akasema tumbo halikuwa vizuri tangu asubuhi. Akasema, akitazama barabara, kwamba jua linakwenda.

"Sikiliza, baba," Kunegunda alisema. "Esteria alikuja hapa, hakugusa hata maji, na hayo maji aliyoyaacha ndiyo yamewaambia watu kila kitu. Wewe ukirudi Ruhuwiko na njaa, hawatahitaji hata kukuuliza. Watajua kwamba umeogopa mikono ya mwanangu. Lakini ukirudi umekula, utawaambia nini? Utasema binti mgonjwa nami nimeshiba kwake?"

Klementina alikuwa ameshavuka uchochoro, na ukali wake wa mchana ulikuwa palepale, haukupungua hata punje. Hakumtazama Kunegunda. Alimtazama mshenga kuanzia viatu mpaka lile koti.

"Polikarp," alisema, "jana ulikuwa kwenye benchi langu. Ulikula sahani moja na wanaume wanne waliolewa pombe ya komoni, majina yao huyajui, mmoja alikuwa anakohoa kwenye chumvi. Ulilamba vidole. Leo unaogopa sahani ya mtoto ambaye posa yake uliileta wewe mwenyewe?"

Kicheko kilipasuka huko nyuma kwenye kamba za nguo. Polikarp aliona haya, na mtu mzima akiona haya hutafuta pa kuweka mikono. Aliiondoa kwenye usukani.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Noela alitoka na bakuli, jagi la maji ya kunawa na kitambaa begani. Hakuwa amejifunika. Uso ulikuwa wazi kwenye jua, pamoja na chunusi zake zote, na ulikuwa umekasirika kuliko wa mama yake. Watu uchochoroni waligeuza macho kumpisha. Alikuja mpaka mbele ya mshenga, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa, akamwamkia shikamoo, akasubiri mpaka akajibiwa.

"Ugali upo, dagaa wapo, mboga imeingia masizi kidogo," alisema, akimsogezea bakuli mikononi. "Nimepika mimi, na nitakunawisha mimi. Karibu ndani ule, baba."